Mdogo wangu haoni na anataka kusomea masaji. Naombeni ushauri

Mwana_Pangani: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alipofuka akiwa kidato cha pili na tangu hapo yupo tu nyumbani, Tanga. Sasa ameng'ang'ania kusomea masaji. Mzee hataki hata kusikia, anasema ni kazi ya kihuni. Chuo nilichokipigia kimenijibu: "Atasomaje viungo vya mwili bila kuona picha?" Mnanishauri nini?

Fundi_Kiuno: Jibu la chuo limenichekesha. Japani wasioona wanafanya kazi hii tangu karne ya 17. Sugiyama Waichi, naye kipofu, ndiye aliyewafungulia wenzake shule. Mimi nachua watu kila siku. Mafuta yakishakolea mgongoni unafuata msuli kwa kidole gumba, macho hayana kazi. Mifupa atajifunza kwa kumpapasa mwanafunzi mwenzake. Kigumu ni kumjua mtu wa kutomgusa: mguu mmoja ukivimba, una joto na unauma, hauchuliwi. Huenda damu imeganda ndani, huyo ni wa hospitali.

Bi_Karafuu: Dada, usilipe ada kabla hujajua kama chuo kimesajiliwa. Kisha nenda ukahesabu vitanda na wanafunzi. Wapo wanaogawa vyeti kwa kuonyesha video, na kwa huyo wako si ndiyo hasara tupu!

Babu_Ilala: Mzee msimbeze, sehemu zenye masaji ya jina tu zipo. Mwambieni lengo ni hoteli na kliniki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Wengi hawaitekelezi, ila itajeni kwenye barua ya maombi. Halafu, kijana anatembea mwenyewe kwa fimbo nyeupe?

Mwana_Pangani: Hapana, tunamshika mkono.

Babu_Ilala: Basi anzeni hapo, hata kabla ya chuo. Waulizeni Chama cha Wasioona, TLB. Nani atamwajiri mtu anayesubiri ndugu yake ndipo aende chooni?

Mwana_Pangani: Hapo umenigusa, babu. Asanteni. Mwenyewe yuko hapa pembeni, anauliza kitanda cha kuchulia ni bei gani.

Fundi_Kiuno: 😂 Asinunue, atachongewa na seremala. Asimame wima, mikono aining'inize, akunje ngumi: kitanda kiishie usawa wa vifundo vya vidole. Kikizidi kwenda chini, kiuno chake ndicho kitakachohitaji masaji.