Mgahawa ukikataa pweza mdogo: unaokoa bahari, au unamnyima mama wa Sahare riziki?

Mtoa mada: Wadau wa Tanga, nyumbani tumeshindwa kuelewana, naomba mawazo. Mgahawa wetu ni wa familia: mama jikoni, kaka ndiye wa kudamkia mnada wa samaki Deep Sea, mimi na mizani na daftari. Tangu Ramadhani iishe hatununui pweza chini ya nusu kilo. Kanuni za uvuvi zinawakataza hao, ila nani anawapima?

Juzi maji ya bamvua, bahari ilipokauka sana, kaja mama mmoja mtu mzima wa Sahare na ndoo. Pweza saba. Nikawapima mmoja mmoja, watano hawakufika hata gramu 400. Nikachukua wawili. Hakugomba. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya mwanangu, hawa nawapeleka stendi."

Sasa tumeokoa nini? Mama anasema pweza wale walishakufa, kuwakataa ni kujitakasa tu. Kaka anasema tukinunua leo, bamvua lijalo zitakuja ndoo tatu. Mimi niko na kaka, ila lile "haya mwanangu" halijanitoka.

Mchuuzi wa Deep Sea: Mama yako kasema kweli. Nyie mnauzia wageni, mna nafasi ya kuchagua. Yule bibi anasubiri maji yakauke sana ndiyo ashuke mwambani, siku chache tu kwa mwezi, na akifika wazamiaji wenye miwani wameshachokoa mapango yote. Anaokota kilichobaki. Yeye ndiye wa kupimiwa gramu? Na samaki wa kupaka mnamchomea nini, si mkaa?

Mtoa mada: Hapo kwenye mkaa umenikamata. Pweza tunamchemsha kwa gesi, wa kupaka bado.

Mwana Chongoleani: Mkaa ni mada nyingine, tusihame. Pweza si kama samaki changu jamani. Anakua haraka mno, umri wake wote ni mwaka na kitu. Jike anataga mara moja tu: anajifungia pangoni, analinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Ukimtoa na gramu 400 hajataga hata hiyo mara moja. Ndiyo maana Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kufunga mwamba usivuliwe pweza kwa miezi, na Kisiwa Panza kule Pemba nao wakafunga. Ila pale aliyefunga ni kijiji kizima. Mwenye mgahawa peke yake na mizani yake anahamisha ndoo tu kutoka mlango huu kwenda ule. Hapa tuna hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, tuna BMU, vile vikundi vya vijiji vya kusimamia uvuvi. Dada, hiyo mizani ipeleke huko.

Mzee wa Raskazone: Ikifika kwenye kikao cha BMU itawekwa juu ya kabati, nawajua. Wanangu, sisi tumekula samaki wa baruti miaka na miaka. Ukimpasua, mifupa imevunjika ndani na nyama imelegea kama uji. Kila mpishi aliona, hakuna aliyeuliza. Leo kapatikana binti anauliza, nanyi mnamkalia kooni! Mwacheni apime.

Mchuuzi wa Deep Sea: Apime, shikamoo mzee. Lakini alipe. Wakubwa na wadogo wote mnawanunua kwa bei moja ya kilo, sasa nani atamwacha mdogo akue? Wa kilo moja na kuendelea apate bei yake. Hapo hata mie nitamrudisha mdogo majini akiwa hai.

Mtoa mada: Nimemsomea kaka, kakubali: bamvua lijalo, wa kilo na kuendelea tunaongeza elfu mbili kwa kilo. Mama kauliza elfu mbili hiyo inatoka wapi, kwenye sahani ya mteja au kwenye mshahara wangu. Bado tunabishana. Yule bibi nimetuma salamu Sahare, nataka asikie kwangu kabla hajashuka tena mwambani.