Naomba ushauri: ni bangi, au ni ugonjwa wa akili wenyewe?

Hamjambo wanakikundi. Niko Kisumu, upande wa Nyalenda. Mdogo wangu ana miaka 19 na alianza kuvuta bangi akiwa kidato cha pili. Siku hizi halali usiku. Anaziba tundu la ufunguo kwa karatasi akisema majirani wanamchungulia, na hagusi chakula mpaka mama akionje kwanza. Akikaa bila kuvuta, sauti anazosikia hupungua lakini haziishi.

Baba anasema ni bangi tu, akiacha atapona. Shangazi ameleta watu wa maombi, nami sipingi, ila hali ni ile ile. Kliniki tuliyompeleka walimpa dawa ya usingizi bila hata kuuliza kama anavuta. Hilo liliniuma sana.

Nimesoma kuhusu utafiti wa Sweden wa 1987 uliofuatilia makuruta zaidi ya 45,000. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushuku watu) takriban mara sita kuliko wasiovuta. Hatari huzidi pia ugonjwa huo ukiwa katika ukoo, na mjomba wetu aliugua hivyo.

Mliouguza ndugu wa namna hii: daktari alijuaje kama ni bangi au ni skizofrenia, na baada ya kuacha mlisubiri muda gani? Na anapokataa katakata kwenda hospitali, mlimpelekaje? Majirani wanasema tumfunge kamba. Mimi hilo sitaki kabisa.