Huyu Yesu mwekundu wa Lovis Corinth mnamuelewaje?

kwaya_sauti_ya_pili: Wakuu salama? Nilikuwa natafuta picha ya bango la Ijumaa Kuu nikakutana na moja inaitwa Kristo Mwekundu, ya Mjerumani Lovis Corinth, 1922. Jamani. Damu inaruka ubavuni kama bomba limepasuka, mwili kama nyama ya buchani, hadi anga limewiva, rangi yenyewe imepakwa kama mtu alikuwa anagombana nayo. Nikamuonyesha mama mlezi wa kwaya akasema futa hiyo kitu kwenye simu yako. Sasa jamaa alikuwa anadhihaki au vipi? Maana sisi tumezoea yule wa kwenye kalenda, nywele zimechanwa, yuko msalabani kama kasinzia tu.

Mzee Brashi: Hadhihaki mkuu. Corinth alipigwa kiharusi Desemba 1911, upande wa kushoto ukalegea na mikono ikawa inatetemeka. Kusulubiwa alishakuchora kabla, ile ya 1907 misuli yote imepangika utadhani kitabu cha daktari, lakini hii ya 1922 kachora mtu ambaye mwili wake mwenyewe ushamsaliti, na Ujerumani nayo imetoka kushindwa vita, miaka mitatu baadaye akafa. Halafu hiyo damu hajaibuni yeye, soma Yohana 19:34.

binti_wa_makumbusho: Naongezea kidogo. Wachoraji wa Kijerumani wa enzi za Corinth walikuwa wanamhusudu sana Grünewald, mchoraji wao wa kale, yule aliyechora picha za altare ya Isenheim ya 1512 hadi 1516, ambayo vita kuu ya kwanza ilipopamba moto ililetwa Munich. Ile altare ilikuwa ya watawa waliouguza watu wa "moto wa Mtakatifu Antoni", ugonjwa wa kula nafaka mbovu yenye kuvu, ngozi inaoza na viungo vinakatika. Sasa mtazame Yesu wa Grünewald, ngozi nzima vidonda na vidole vimekakamaa. Mgonjwa akiletwa pale mbele anamkuta mwenzake. Yule wa kalenda angemwambia nini? Na Isaya 53 si inasema hana umbo wala uzuri, kila Pasaka tunaisoma halafu tunabandika kijana mtanashati 😂

kobe22: Mi naona damu nyingi ni njia rahisi, samahanini. Mcheki mchoraji Chagall, picha yake ya 1938, ile ya msalaba mweupe iliyopo Chicago, damu huioni kabisa. Kamvika Yesu shali ya sala ya Kiyahudi kiunoni (Chagall mwenyewe Myahudi), pembeni sinagogi linawaka, nyumba zimepinduliwa, watu wamejazana kwenye mashua. Ni mwaka uleule Wayahudi walichomewa masinagogi Ujerumani. Mateso yamemzunguka pande zote, ye katulia katikati, na inauma kuliko huyo mwekundu wenu.

Mzee Brashi: @kobe22 tulia basi, mmoja anachora jeraha mwingine anachora kijiji kizima, kwani lazima tuchague?

kwaya_sauti_ya_pili: Asanteni wakuu. Nimemrudia mama na hiyo ya Chagall, safari hii hakusema futa, kaikuza kwa vidole kwenye ile mashua akaniuliza hawa walifika? Nikakosa jibu. Bangoni tumeweka msalaba mtupu.