Kitongoji cha kaya ishirini: nguzo za umeme au sola juu ya bati?

Mleta mada

Wakuu, kwa hesabu ya serikali umeme umeshafika kwenye vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Kazi iliyobaki ni vitongoji ambavyo havijafikiwa, kati ya jumla ya 64,359. Huko ndiko ziliko nyumba ndogo: chumba na sebule, bati chache, na jirani yuko mita mia mbili. Msimamo wangu ni kwamba kitongoji kilicho kilomita tatu au zaidi kutoka kwenye laini kisisubirishwe nguzo. Fedha ya kuvuta laini inunue sola kamili kwa kila kaya.

Hesabu ya nyumba moja kwa siku: taa tano za LED za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 175. TV ya inchi 32 ya wati 40 kwa saa 5 ni 200. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Simu tatu, 45. Jumla 480. Ukichukua saa 4.5 za jua kali kwa siku na kuondoa asilimia 30 inayopotea kwenye waya, joto na vumbi, unahitaji paneli ya wati 152. Weka ya 200. Betri ya lithiamu ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, inabeba nyumba hiyo siku mbili bila jua.

Mtetezi wa gridi

Mkuu, hapo umemaliza taa, hujamaliza mahitaji. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Nyumba ndogo isiyo na wayaringi inafungiwa UMETA, kile kibao chenye soketi, swichi na holda ya taa, na kazi imeisha. Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi (uniti moja ni wati-saa 1,000) analipa 100 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo inakuwa 122. Zile wati-saa 480 zako kwa siku 30 ni uniti 14.4, yaani shilingi 1,757 kwa mwezi.

Sasa tazama betri. Lithiamu ya Ah 100 ukiitoa uniti moja kila mzunguko, mizunguko 2,000, inakupa uniti 2,000 maisha yake yote. Kwenye LUKU, umeme wa gridi wa kulipia kabla, hizo ni shilingi 244,000. Betri yenyewe dukani inazidi hapo, na bado hujanunua paneli.

Halafu kupika. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sufuria moja ya maharage kwenye jiko la presha la umeme la wati 1,000 inakula karibu nusu uniti, shilingi 61. Kwenye betri yako hiyo ni nusu ya chaji kwa chungu kimoja, na bado mboga na chai. Kaya iliyopewa sola inabaki kwenye kuni, na anayezibeba ni mama.

Mleta mada

Hiyo 1,757 ndiyo inayonipa hoja. Kaya ishirini ni shilingi 35,140 kwa mwezi kwa TANESCO, shirika la umeme. Kilomita tatu za laini ya msongo wa kati na transfoma ni makumi ya mamilioni, na nguzo moja ikianguka wakati wa masika, gari la dharura likitoka wilayani linakula mapato ya mwezi mzima kwa mafuta tu. Ile 27,000 ni bei anayolipa mteja. Gharama halisi analipa kila mtu. Kuhusu kupika nakubali, sola hii haipiki. Lakini kaya nyingi zilizovutiwa nyaya bado zinapika kwa mkaa.

Fundi sola

Wote mnahesabu kana kwamba mfumo utafungwa sawasawa. Matatizo yanaanzia dukani. Paneli nzuri ya leo inatoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba. Nenda na futi kamba: paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita ni ya wati 100, hata ikibandikwa lebo ya 200. Saa sita mchana pima ampea za mzunguko mfupi, yaani nyaya mbili za paneli zikiunganishwa kupitia mita. Ya wati 100 inatakiwa kusoma kama 5.5 hadi 6. Betri ya risasi ya Ah 100 ina kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila shida, acha.

Kosa la pili ni kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji. Watu wananunua paneli kubwa ya wati 250, ambayo kazini inatoa volti 30, wanaifunga na kontrola ya aina ya PWM kwenye betri ya volti 12. PWM inaishusha paneli hadi volti ya betri: ampea 8.3 mara volti 13 ni wati 108. Zaidi ya nusu imepotea, na mwenye nyumba anaambiwa paneli ni feki. Hapo inatakiwa kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

Waya nao. Paneli ya wati 200 ya volti 18 inatoa ampea 11. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza volti 1.6, karibu asilimia 9. Weka milimita 6, upotevu unashuka chini ya asilimia 4. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Betri ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, na waya utashika moto kabla paneli haijajua kitu. Inveta ya wati 1,000 ya volti 12 inavuta karibu ampea 100: waya wa milimita 25, usizidi mita moja na nusu.

Paneli ielekee kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Msiziweke chini ya mwembe. Seli zimeungwa mfululizo, kivuli cha tawi kwenye kona moja kinaweza kuua theluthi ya paneli.

Na jamani, betri ya gari siyo betri ya sola. Ile ya gari ya N70 ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, miezi michache imekufa. Hata ile ya sola ya risasi: ikipumzika saa kadhaa ikasoma volti 12.2, imebaki nusu, zima TV. Ikiachwa na nusu ya chaji kwa wiki nzima, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani na hairudi.

Mchangiaji wa nyanda za juu

Hizo saa 4.5 ni wastani wa mwaka. Njombe, Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro, Juni na Julai ukungu unakaa siku kadhaa. Mpango wa kitaifa wenye kifurushi kimoja cha wati 200 utafaulu Dodoma na kushindwa huku. Huku paneli iwe mara mbili kabla ya kuongeza betri, maana paneli ni rahisi kuliko betri na hata chini ya wingu inatoa kidogo.

Mtetezi wa gridi

Mleta mada, hujajibu jambo moja. Vifaa vikiwa mali ya kaya, nani atazuia betri isiuzwe mwezi wa njaa?

Mleta mada

Mita ya LUKU iko ukutani kwako lakini ni mali ya TANESCO. Betri iwe hivyo hivyo: mali ya mradi, ina namba, na kijana mmoja wa kitongoji amefundishwa kuikagua kila mwezi.

Mtetezi wa gridi

Basi ilipiwe. Tuseme inadumu miaka 8, miezi 96: kila laki moja ya bei yake ni shilingi 1,042 kwa mwezi. Weka bei ya betri unayoijua, zidisha, halafu mtajie mama wa chumba na sebule uone kama ataikubali mbele ya yule wa kijijini anayelipa 1,757.