Re: HKP ya implanti imerudi, Kasse wanatoa Festzuschuss tu

Binti Tanga, Hamburg:
Ndugu zangu, habari za huko. Nimeng'olewa magego mawili ya chini, daktari akaandika HKP, yaani mpango wa matibabu na gharama zake, ya implanti mbili, yale meno ya skurubu. Barua ya Kasse, bima ya afya ya hapa Ujerumani, imefika: Festzuschuss tu, yaani mchango wao maalumu, mengine nijilipie mwenyewe. Nafanya usafi hospitalini, maelfu ya yuro nitayatoa wapi? Naomba mwenye mfano wa Widerspruch, barua ya kupinga, anitumie, mwezi mmoja wa kupinga unakatika.

Mama Köln:
Pole sana mwanangu. Mimi walinipa nusu tu. Nikaishia kuwekewa daraja la meno. Wakanichonga meno mawili mazima ili kushikilia moja! Hadi leo naumia moyo.

Kaka wa Berlin:
Mama, shikamoo, lakini tusipotoshane. Nusu ilikuwa zamani. Tangu Oktoba 2020 ni asilimia 60, ukiwa na Bonusheft, kile kijitabu cha mihuri ya kupimwa meno kila mwaka, ya miaka 5 mfululizo 70, miaka 10 ni 75. Tena ni asilimia ya bei ya Regelversorgung, matibabu ya kawaida, yaani daraja au meno ya kuvaa, si ya bei ya implanti. Dada, mshahara ukiwa mdogo omba Härtefall, nafuu ya wenye kipato kidogo.

Mama Köln:
Marahaba. Mimi nilitengenezwa 2017, baba. Uliza kwanza.

Nürnberg:
Härtefall nayo inafika asilimia 100 ya Regelversorgung basi, skurubu hawalipi. Mimi nilikwenda Hungaria. Kasse walitoa Festzuschuss kwa sababu ni EU na HKP ilikubaliwa kabla ya kuanza. Uturuki msitegemee.

Kaka wa Berlin:
Na skurubu ikilegea? Titani inahitaji miezi kushikana na mfupa kabla ya kuwekewa jino. Utapanda basi la Budapest kila fizi ikivimba?

Mswahili Bremen:
Nyinyi mnabishania asilimia. Mama yangu yuko Likoni, jino likiuma ni koleo tu. Bima ya afya ya Kenya, NHIF, imekuwa SHA tangu Oktoba 2024, jina jipya, meno yake ni yale yale mapengo. Muwa hatafuni tena, na alivyokuwa akiupenda!

Mama Köln:
Usinikumbushe muwa. Hapa niliuona dukani, kipande kikavu kama kuni. Bremen, mpeleke mama akapimiwe meno ya kuvaa, mwaka huu huu. Fizi zikikaa bila meno mfupa unaliwa, baadaye hayatashika.

Mswahili Bremen:
Nikituma hela zinaishia kwenye karo za wajukuu, mama. Serikali ndiyo ingelipa.

Nürnberg:
Serikali ipi? Hata ya hapa hailipi.