Wamisri wa kale waliwaombaje wafu wao? Naomba kueleweshwa kabla sijatuma hela

Mtoto wa Tatu

Habari zenu wanajukwaa. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa nane, huko kwetu Muheza. Ameacha nyumba na shamba la michungwa ekari sita. Tuko watano, na tangu arobaini ipite hatujawahi kukaa mkeka mmoja. Kaka mkubwa ameshauza vipande viwili bila kumwita mtu. Nikiuliza, naambiwa baba alimwachia kwa mdomo.

Sasa kuna jamaa ananitumia video. Anasema makuhani wa Farao walikuwa na elimu ya siri: mtu analazwa usiku tatu ndani ya sanduku la jiwe la Piramidi Kuu, akiamka ana uwezo wa kumwita marehemu na marehemu akasema. Anadai elimu hiyo imemfikia yeye, na kwa laki tatu na nusu atanifundisha kwa siku 21. Nimeshafikisha laki mbili. Usiku wa jana nikajiuliza, hivi ni kweli? Wamisri wenyewe waliamini nini kuhusu wafu wao, na waliwaomba kwa njia gani? Mwenye kujua anisaidie, kwa heshima zote.

Mwalimu wa Zamu

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Usitume hiyo hela.

Habari ya kulazwa ndani ya piramidi haimo katika maandishi ya Wamisri. Wazungu wa karne ya 18 ndio walioipenda. Mwaka 1731 padri mmoja Mfaransa, Jean Terrasson, alitoa riwaya ya mwana wa mfalme wa Misri anayepitishwa kwenye majaribu chini ya piramidi, na vyama vya siri vya Ulaya vikachota humo. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma hata mstari mmoja wa maandishi ya Misri. Msomi Mfaransa, Champollion, ndiye aliyefungua njia mwaka 1822. Lile sanduku la jiwe ni jeneza la Mfalme Khufu, mwenye piramidi hilo, basi.

Siri zilikuwepo, sikatai. Mahekalu yalikuwa na Nyumba ya Uhai, mahali pa kunakili vitabu vya dini na tiba, na si kila mtu aliingia. Lakini kuzungumza na marehemu wa nyumbani kwako hakukuwa siri ya kuhani. Yupo dada humu anayelijua hilo kuliko mimi, namwachia nafasi.

Binti Wete

Mdogo wangu, pole kwa kufiwa na baba. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, nikaacha chai ikapoa, maana kuna mtu mmoja wa Misri ambaye kesi yake ni kama yako, na mimi bakuli lake nimeliona kwa macho yangu.

Ninafanya kazi ya kuangalia wazee hapa London. Bibi niliyekuwa namhudumia zamani alikuwa mwalimu mstaafu, na Jumamosi moja alinitaka nimsindikize Makumbusho ya Petrie, ndani ya chuo kikuu. Si jumba kubwa. Ni vyumba vilivyosheheni makabati, vigae na shanga na vyungu hadi karibu na dari. Humo limo bakuli la udongo lililotoka Qau, kusini mwa Misri, la zaidi ya miaka 4,000. Ukilitazama haraka utadhani ni la uji. Limeandikwa kwa wino ndani na nje. Aliyeandika anaitwa Shepsi. Ndani amemwandikia baba yake, nje amemwandikia mama yake, na wote wawili wameshakufa.

Anawalalamikia mali, mdogo wangu. Anauliza kama ni sawa yeye anadhulumiwa na wao wapo wanatazama. Anamshuku ndugu yake Sobekhotep, naye marehemu, aliyekufa mji mwingine akarudishwa kuzikwa kwao pamoja na wenzake na kuvishwa sanda. Shepsi anauliza: huyu tuliyemfanyia yote hayo, kwa nini ananitesa mimi ambaye sijamkosea kwa neno wala kwa tendo? Ila kabla hajafika huko, anamkumbusha mama yake jambo dogo. Anamwambia: uliniambia mimi mwanao, niletee kware nile, nami nikakuletea kware saba, ukala.

Kware saba! Bibi yangu aliponisomea tafsiri yake nilishika kabati nisianguke. Mwaka ule ndio mama yangu alifariki Pemba nami niko huku, na jambo la mwisho aliloniagiza kwa simu lilikuwa kitambaa cha kanzu, nikakipeleka kwa mtu wa ndege. Kikafika akakivaa. Tangu siku ile nimesoma kila nilichopata kuhusu barua hizi walizowaandikia wafu. Zilizobaki ni chache, hazijai kapu.

Sasa nikujibu ulichouliza. Kwa Wamisri mtu hakuwa mwili na roho moja tu. Kulikuwa na ka, ile nguvu ya uhai ambayo hata baada ya kifo inahitaji kula na kunywa, ndiyo maana mkate na bia viliwekwa kaburini. Kulikuwa na ba, wanayemchora kama ndege mwenye kichwa cha mtu, anayetoka mchana na kurudi usiku kwenye mwili wake. Jina nalo lilikuwa sehemu ya mtu, na kivuli chake, na moyo wake, ambao haukutolewa wakati wa kukausha maiti kwa sababu ndio utakaowekwa kwenye mizani ya ahera. Aliyevuka salama aliitwa akh, na akh ana uwezo. Anaweza kukutetea na anaweza kukudhuru. Kwao ahera ilikuwa na mahakama yake, huko Magharibi jua linakozama, na marehemu wako ni kama ndugu yako mwenye cheo aliye karibu na mahakimu. Kwa hiyo unamwandikia. Huhitaji kulala ndani ya jiwe. Kama hujui kuandika, unamtafuta mwandishi.

Nao hawakuwaandikia kwa unyenyekevu mtupu. Makumbusho ya Leiden, Uholanzi, wana karatasi ya mafunjo ya mjane wa kiume wa enzi za akina Ramses. Mkewe ni Ankhiry. Anaanza kwa kumuuliza: nimekukosea nini hata nikawa katika hali hii mbaya? Kisha anahesabu. Nilikuoa ningali kijana, nikapanda vyeo kwa Farao wala sikukuacha. Ulipougua nilikuletea mganga mkuu. Ulipokufa nilikuwa safarini na Farao, nikakaa miezi minane bila kula wala kunywa kama mtu. Nilikupa kitani kizuri cha kukuvika. Na huu mwaka wa tatu niko peke yangu, sijaingia nyumba nyingine. Anamwambia waziwazi atampeleka mbele ya miungu ya Magharibi wawaamue. Hiyo barua ilikuwa imefungwa kwenye kinyago kidogo cha mwanamke.

Neno lao la uchawi, heka, lisikutishe pia. Katika mafunzo aliyoandikiwa Mfalme Merikare imesemwa kwamba Mungu aliwapa watu heka iwe silaha ya kukinga mapigo ya yale yatakayotokea. Aliwapa watu. Hakuwapa makuhani kumi wakaifunga kwenye sanduku.

Mtoto wa Tatu

Shikamoo dada. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Hiyo habari ya kware imenigusa. Baba alipolazwa aliniomba muwa, daktari alikataa sababu ya sukari, nikampelekea kipande kidogo hivyo hivyo. Sijamwambia mtu.

Nina swali. Kwa nini bakuli? Si wangeandika kwenye karatasi kama yule wa Leiden? Na je, wanawake waliandika, au ni wanaume tu?

Binti Wete

Marahaba, mdogo wangu.

Bakuli kwa sababu ya ka. Anakuja kula sadaka, na chakula kikiisha maneno yanabaki mbele ya macho yake. Hawezi kusema hakupata ujumbe.

Na wanawake, ndiyo. Huko Cairo kuna bakuli la mwanamke aitwaye Dedi, la miaka karibu 4,000. Anamwandikia marehemu Intef, aliyekuwa kuhani, kuhusu kijakazi Imiu anayeumwa. Anamgombeza: mbona humpiganii mchana na usiku dhidi ya kila mwanamume na mwanamke anayemdhuru? Unataka mlango wako uwe gofu? Hujui kwamba huyu binti ndiye anayeifanya nyumba yako iwe nyumba mbele za watu? Mpiganie leo, ili kuwe na mtu wa kukumiminia maji. Mimi huyu Dedi nampenda kuliko wote, maana haombi kwa ajili yake. Anamtetea msichana wa kazi.

Yupo na mwingine, Merirtifi, aliyemwandikia mkewe kwenye bamba la jiwe. Anaanza na salamu kama sisi: hujambo? Magharibi wanakutunza unavyopenda? Anaumwa, anamwomba amtokee ndotoni amwone akimpigania. Anaahidi jua likichomoza atamtengea sadaka.

Tazama kitu kimoja katika barua ya Shepsi na ya yule mjane wa Leiden. Mwandishi anaeleza alichomfanyia marehemu: kware, mganga, kitani. Hiyo ndiyo haki yake ya kudai. Huyo wa laki tatu na nusu hakumpelekea baba yako muwa.

Mwalimu wa Zamu

Nyongeza ndogo kuhusu shamba, maana hilo haliwezi kusubiri. Kama mirathi haijafunguliwa, fungueni mahakamani na mteue msimamizi. Kaka hana ruhusa ya kuuza kabla ya hapo. Nenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Mtoto wa Tatu

Asante mwalimu, asante dada. Nimemfungia yule jamaa. Nimempigia dada yetu wa pili, yuko Korogwe, hatujaongea tangu mwezi wa kwanza. Kumbe cheti cha kifo anacho yeye. Jumapili tunakutana kaburini tufyeke majani, nami nitapitia sokoni kununua muwa.