Boksi jipya, plastiki ya zamani: watengenezaji wa modeli za vita, mnatuona wajinga?

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira, na naomba niitoe hapa kabla sijaibamiza ukutani hii modeli ya Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, iliyo mezani.

Picha ya boksi ni kali kwelikweli. Ni Tiger namba 131, ile iliyotekwa na Waingereza huko Tunisia Aprili 1943 na ambayo sasa inatunzwa kwenye jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington. Jangwa, moshi, mzinga wa milimita 88 umekuelekea usoni. Fungua boksi sasa. Magurudumu yaliyomo ni yale ya chuma tupu, ambayo Tiger zilianza kufungwa mwaka 1944. Ubavuni wamechonga zimmerit, ule upako wa mistarimistari wa kuzuia mabomu ya sumaku yasishike, ambao Wajerumani hawakuanza kuupaka kwenye Tiger hadi nusu ya pili ya 1943. Yaani kifaru kilichotekwa Aprili kimevaa koti lililoshonwa miezi mingi baadaye, na viatu vya mwaka uliofuata!

Ingekuwa hivyo tu ningesema basi, hawa hawajui historia, ngoja niiunge kama Tiger ya 1944 maisha yaendelee. Lakini hebu tuingie kwenye plastiki yenyewe.

Bodi ya chini imepinda. Ukiiweka juu ya kioo, pembe moja inaelea hewani. Ukiibana ikae sawa, bamba la nyuma halifiki mahali pake. Mtutu umekuja vipande viwili vya kugandisha, na vipande hivyo havikutani: nusu moja imesogea, kwa hiyo kuna ngazi urefu mzima. Ukiisugua ngazi hiyo kwa msasa iishe, mtutu unageuka yai. Mdomo wa mzinga nao umezibwa. Kwa skeli ya 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, tundu la milimita 88 linatakiwa kuwa kama milimita mbili na nusu. Hawakutoboa hata kidogo, wameacha kidoti tu, eti tuelewe wenyewe kwamba hapo risasi hutokea.

Magurudumu ndiyo yamenimaliza. Tiger ya magurudumu ya chuma ina magurudumu 16 kila upande, jumla 32. Kila moja lina duara lililobonyea usoni kutokana na pini za kusukumia. Kwa wageni wa mambo haya: plastiki ikishapoa ndani ya kalibu, pini za chuma huisukuma itoke, na kila pini huacha alama yake. Hilo halikwepeki. Kinachokwepeka ni mahali alama itakapokaa. Fundi wa kalibu mwenye adabu huielekeza upande wa ndani, pale ambapo kifaru kikishaungwa hakuna jicho litakalofika. Huyu wa kwangu ameziweka mbele, juu ya sura ya gurudumu, katikati ya bolti. Ukitia puti uisugue, bolti zinaondoka na puti. Ukiacha, kila gurudumu linaonekana kama limepigwa muhuri. Zidisha hiyo kazi mara 32, kisha uniambie kuhusu starehe.

Na ndevu! Kila kipande kimezungukwa na utando wa plastiki uliovuja pale ambapo nusu mbili za kalibu hazikufunga sawasawa. Kuna vishikizo vya mlango wa tareti, kile kichwa cha kifaru kinachozunguka, ambavyo sikuweza kutofautisha kishikizo ni kipi na ndevu ni zipi. Nilipomaliza kukwangua, kimoja kilikuwa chembamba kuliko unywele na kingine kimekatika. Nikavitupa vyote, nikatengeneza vya waya wa shaba. Sasa najiuliza, kwa nini nililipia vile vya kwao?

Ninachotaka kieleweke ni hiki: hizi kasoro hazina ushirikina. Kila moja ina chanzo, na kila chanzo kinajulikana kiwandani kabla boksi halijafungwa. Ndevu zinatokea kwa sababu kalibu imechakaa, au mashine haiikandamizi vya kutosha. Mbonyeo usiotokana na pini unatokea mahali ambapo plastiki ni nene, kwa sababu sehemu nene huchelewa kupoa na ikipoa hujivuta ndani. Kipande kuja nusu ni plastiki kutofika mwisho wa kalibu. Kupinda ni kutolewa kabla hakijapoa vizuri, au kutupwa ovyo kikiwa bado cha moto. Ile ngazi kwenye mtutu ni nusu za kalibu kutokaa sawa. Mtu aliyesimama pale kwenye mashine anayaona haya yote kwa macho yake. Ameyaona, akafungasha.

Kuna jambo baya zaidi ya uzembe: kalibu za zamani kuuzwa kama mzigo mpya.

Kalibu ya chuma ni mali ghali na haiozi. Ikitunzwa inatoa plastiki miaka na miaka. Kampuni moja ikifilisika au ikichoka, kalibu inauzwa kwa nyingine, inapewa boksi jingine, picha nyingine na stika nyingine, na mzunguko unaanza upya. Sina ugomvi na mzee kuendelea na kazi. Ugomvi wangu ni pale boksi linapoandikwa kwamba hii ni bidhaa mpya, bila neno hata moja kwamba kilicho ndani kilichongwa wakati baadhi yetu hatujazaliwa. Mnunuzi anayajua akiwa ameshakata nailoni.

Dalili zake mnazijua. Kifaru cha 1/35 chenye matundu chini ya bodi, ya swichi na ya betri, kwa sababu enzi hizo vifaru viliundwa vitembee kwa mota kama vitu vya kuchezea. Hata hii skeli yenyewe ya 1/35 ilitokana na modeli ya Panther, kifaru kingine cha Wajerumani, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani ya Tamiya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambayo ukubwa wake ulipangwa ili betri na mota zienee. Haikuwa hesabu ya mwanahistoria yeyote. Sasa leo hakuna mota kwenye boksi, lakini matundu yapo, na kazi ya kuyaziba ni yako.

Kwa upande wa ndege, dalili ni mistari ya mabamba, ile inayoonyesha mabamba ya ndege yanapoungana, iliyoinuka juu badala ya kuchimbwa. Unaunga nusu mbili za kiwiliwili, unasugua mshono, na mistari yote ya mgongoni inafutika. Uichonge upya kwa mkono, kwenye mviringo, pande zote mbili zilingane. Haya.

Kabla ya Tiger nilikuwa na Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya 1/72. Boksi linasema Mk IX, yaani toleo la tisa. Ndani nikakuta propela ya mapanga matatu, na chini ya mabawa kuna kipoozeo kikubwa upande wa kulia na kidogo upande wa kushoto. Anayeijua Spitfire kidogo tu anajua hiyo ni Mk V. Mk IX ina mapanga manne, vipoozeo vikubwa pande zote mbili, na pua ndefu zaidi kwa sababu injini yake ilikuwa ndefu zaidi. Hawakubadili chochote ndani. Walibadili karatasi ya boksi na stika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimejitembeza kwa jina la ndege nyingine.

Nikasema basi niipime angalau. Upana wa mabawa ya Spitfire ya kawaida ni mita 11.23. Gawa kwa 72, unapata milimita 156. Rula yangu haikukubaliana nao. Na unene je? Hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Ukingo wa nyuma wa bawa kwenye ile modeli ulikuwa na unene wa milimita moja nzima. Zidisha mara 72: ukingo wa sentimita saba! Hakuna ndege ya kivita iliyopaa na ubao wa namna hiyo nyuma ya bawa. Zile modeli zenye mistari ya kuchimbwa nazo zina balaa lake, maana mstari wa nusu milimita kwenye 1/72 ni mtaro wa sentimita tatu na nusu kwenye ndege halisi. Rubani angepoteza kalamu humo.

Stika sina haja ya kuzichambua sana. Ile mviringo ya jeshi la anga la Uingereza, rangi nyeupe imehama pembeni, kwa hiyo nyekundu ya katikati inakuangalia kwa makengeza. Filamu yake imegeuka njano. Ndiyo, najua ujanja wa kuibandika dirishani jua liing'arishe, nimefanya hivyo, na ilipoingia majini kulowekwa kabla ya kubandikwa ikapasuka vipande kama majani makavu. Basi.

Minyororo ya kifaru nayo ni ya vinili laini. Rangi haishiki, gundi ya plastiki haishiki, na mbaya kuliko yote, baadhi ya vinili hizo hutoa kemikali ya kulainishia ambayo inakula polistirini, plastiki ya modeli yenyewe, taratibu. Unaweza kumaliza kifaru chako, ukakipaka, ukakiweka kabatini, halafu siku moja ukute magurudumu yameyeyuka pale yanapogusana na mnyororo. Hili si siri. Limejulikana kwa miongo. Na bado minyororo hiyo inafungashwa mfuko mmoja na vipande vya plastiki, inaanza kuvila hata kabla hujafungua boksi.

Karatasi ya maelekezo sitaigusa, isipokuwa nitasema hivi: mshale unaoelekeza kipande "mahali fulani huku" si maelekezo. Na hatua moja inapobeba vipande vya nusu fremu (fremu ni ile plastiki inayoshikilia vipande kabla hujavikata) kwa mpigo, aliyeichora hajawahi kuiunga.

Sasa niwageukie nyinyi wenzangu, maana najua majibu yanayokuja. "Mkuu, hiyo ndiyo sanaa." "Modeli mbovu ndiyo inayomkomaza fundi." "Siku hizi watu wanataka kutikisa boksi kitoke kifaru." Nimeyasoma haya chini ya kila lalamiko na yamenichosha kuliko zile ndevu.

Kuna ugumu ambao ni sehemu ya mchezo, na naupenda. Kupaka rangi ya kuficha kwa brashi ya hewa bila kuchuruzika ni kugumu. Kufanya matope yaonekane matope na kutu ionekane kutu ni kugumu. Kukunja vipande vyembamba vya shaba kwa kibano bila kuvirusha sakafuni ni kugumu hadi unatukana. Huo ugumu ni wangu, nimeuchagua, na mwisho wake kuna kitu nilichokifanya mimi. Kuziba matundu ya mota isiyokuwepo ni kumalizia kazi ya kiwanda kilichokwisha kulipwa. Kuna tofauti, na mnaijua, ila mmezoea kujisifu kwa makovu.

Tena huo utetezi wenu unawaumiza wanaoanza. Mtoto au mtu mzima ananunua modeli yake ya kwanza kwa sababu ya picha ya boksi. Hajui kujaribisha vipande bila gundi, hajui kwamba plastiki hutakiwa kuoshwa kwa sabuni ili mafuta ya kalibu yatoke, hana puti wala tupa. Vipande vinakataa kukutana, anadhani mikono yake ndiyo mibovu, anaacha. Hatumwoni tena. Halafu tunaulizana mbona mchezo huu umebaki wa wazee.

Nitaweka msamaha mmoja, na ni wa dhati. Kuna watengenezaji wadogo wanaotoa idadi chache kwa kalibu za muda mfupi, za metali laini au mchanganyiko wa resini. Vipande vyao ni vinene, havina vijiti vya kuonyesha pa kukutania, na kila kitu unakikata na kukilinganisha mwenyewe. Lakini wanakuambia wazi. Wanakuletea ndege ambayo kampuni kubwa haitaigusa milele, na unanunua ukijua unanunua kazi. Hao nawavulia kofia. Siwaweki kapu moja na kampuni yenye kalibu ya chuma, mashine kubwa na mchoraji wa boksi wa kiwango cha juu, ambayo imeamua fedha yote iishie kwenye mchoraji.

Ninachodai si makubwa. Waandike mwaka ambao kalibu ilichongwa, ubavuni mwa boksi, kwa herufi zinazosomeka. Waweke picha ya fremu za vipande kama zilivyo, zisizofanyiwa usanii. Na kama ndani kuna Mk V, waandike Mk V. Ukarabati wa kalibu najua ni gharama, siombi hata huo. Naomba nijue ninachonunua.

Mpaka watakapofanya hivyo tufanye wenyewe. Kila mwenye boksi ambalo hajaliunga apige picha ya fremu zote, mbele na nyuma, aiweke hapa chini na jina la modeli kama lilivyoandikwa kwenye boksi, skeli, na kama ana uhakika, kalibu hiyo imewahi kutoka kwenye boksi gani jingine. Picha za modeli zilizokamilika msilete, hizo zinaficha puti. Nataka plastiki ikiwa uchi. Mimi naanza na fremu nne za hii Tiger, nazipandisha usiku huu. Angalieni fremu ya magurudumu kwanza, kisha mje mniambie tena kuhusu kukomaa.